Viti Vitatu vya Uongozi: Shirika la TCRS katika Mwese, Katumba na Mishamo

Wanachama wenzetu watakaokifungua kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama Kikuu watakuta humo hesabu nyingi za mazao na mikutano. Yafaa wasome pia habari za shirika moja la hisani lililofanya kazi katika nchi hii ya Mpanda kabla ya wengi wetu kuandikishwa ushirika, maana lilichimba visima, likafungua barabara na kujenga shule. Namna lilivyoongozwa, na namna lilivyoondoka, ni mambo yanayotuhusu sisi wakulima kwa karibu kabisa.

Shirika hilo ni Tanganyika Christian Refugee Service, ambalo watu wa huku wanalijua kwa herufi zake tu, TCRS. Lilianzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani. Mwaka huohuo nchi ilipata jina la Tanzania, lakini shirika halikubadili jina lake, na hata leo neno Tanganyika limo humo. Katika miaka ya 1960 liliongozwa na Bwana Brian Neldner, Mlutheri kutoka Australia, ambaye baadaye alipanda akawa mkuu wa idara ya huduma ya Fungamano hilo huko Geneva.

Kazi yake ya kwanza katika wilaya yetu, wakati huo Mpanda ikiwa ndani ya Mkoa wa Tabora, ilikuwa katika nyanda za juu za Mwese. Huko waliletwa Wanyarwanda wapatao 3,000 waliokuwa wamekimbilia kwanza Kivu katika Kongo. Kisha yakaja mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na maelfu kwa maelfu wakavuka mpaka. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, kando ya reli ile ya kutoka Kaliua iliyofika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi. Mwaka 1978 yakafuata makazi ya Mishamo, kwa kuwa Ulyankulu, huko Tabora, palikuwa pamejaa watu na maji yalikuwa hayatoshi.

Sasa tuseme habari za uongozi wenyewe. Shirika halikutawala peke yake. Palikuwa na mapatano ya pande tatu, na kila upande ulikuwa na kiti chake. Serikali ilitoa ardhi na kumweka Mkuu wa Makazi, aliyekuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilitafuta fedha na kulinda haki za wakimbizi. TCRS ndiyo iliyopima, ikachora ramani, ikachimba na kujenga. Mishamo iligawanywa vijiji 16 katikati ya miombo yenye mbung'o, na kila jamaa ikapewa takriban hekta 5. Chakula cha msaada kilitolewa mpaka watu walipovuna cha kwao, kisha kikakoma. Watoto walifundishwa kwa Kiswahili, kwa mtaala uleule wa shule zote za Tanzania. Mtu asiyependelea upande wowote atakiri kwamba ilikuwa kazi kubwa, iliyofanywa kwa mpango mzuri na kwa muda mfupi.

Lakini kiti cha nne hakikuwapo. Wenyeviti wa vijiji walikuwapo, nao walitoka miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Hata hivyo mambo makubwa yaliamuliwa pasipo wao. Mkazi hakuweza kutoka nje ya makazi bila kibali. Bibi Liisa Malkki, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyekaa Mishamo mwaka 1985 na 1986, aliyasikia malalamiko hayo, na kadhalika manung'uniko ya wakulima waliodhani kwamba jasho lao lawanufaisha wengine. Kitabu chake kilitoka mwaka 1995, na kinasomwa katika vyuo vya nchi nyingi. Wasomaji wetu waliopata kuketi katika chama cha msingi wakingoja malipo ya tumbaku hawatahitaji kufasiriwa manung'uniko hayo.

Upungufu wa kiti hicho ulionekana zaidi siku za makabidhiano. Katumba ilikabidhiwa kwa Serikali mwaka 1978. Tuangalie vizuri tarehe hiyo. Halmashauri za Wilaya zilikuwa zimefutwa tangu mwaka 1972, na Vyama Vikuu vya Ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Basi shirika lilipoziachia pampu, zahanati na madarasa, hapakuwa na baraza la wilaya lililochaguliwa na watu, wala chombo kikuu cha wakulima wenyewe, cha kuvipokea. Mishamo ilikabidhiwa mwaka 1985, baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1982 na kurudi kwa Halmashauri mwaka 1984. Lakini vyombo hivyo vilikuwa vichanga, na Serikali yenyewe ilikuwa katika dhiki kuu ya fedha. Sisi hatuwalaumu wakurugenzi wa TCRS kwa sheria wasizozitunga. Twasema tu kwamba anayejenga shule na kuondoka hana budi kuuliza mapema ni nani atakayenunua bati paa litakapovuja.

Shirika lenyewe lilibadilika pia. Tangu mwaka 2006 si tawi la Geneva tena, bali ni shirika la Kitanzania lenye bodi yake, na kazi zake zimewafikia wanakijiji raia sawa na wakimbizi.

Na wale wakulima wa 1972? Mwaka 2010 wapatao 162,000 katika Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia, ingawa hati walianza kuzipokea mwishoni mwa mwaka 2014. Katavi ilikuwa imekwisha kuwa mkoa tangu 2012. Katika uchaguzi wa Oktoba 2015 walipanga mstari, wazee waliokuja wakiwa vijana pamoja na wajukuu waliozaliwa huku, wakapiga kura kwa mara ya kwanza.