Kutoka Shimo la Makaa hadi Jiko la Peleti: Historia ya Nyama ya Moshi Marekani

Nyama ya moshi ya kusini mwa Marekani hupikwa kwa moto mdogo na kwa muda mrefu. Kidari cha ng'ombe huweza kukaa jikoni saa 12 au zaidi katika joto la nyuzi 107 hadi 135 za Selisiasi, mpaka kolajeni iliyomo kwenye misuli igeuke kuwa jelatini na nyama ngumu ilainike. Tatizo kubwa la upishi huu ni moto wenyewe. Ukizidi, nyama hukauka. Ukikosa hewa, hutoa moshi mzito mweupe unaoacha uchungu. Mtu alipaswa kukesha akiulinda, na majiko yaliyobuniwa tangu enzi za ukoloni hadi leo yametofautiana hasa katika kiasi cha kazi hiyo yanachomwondolea mpishi.

Asili ya upishi huu iko katika visiwa vya Karibi. Wahispania waliofika huko waliwakuta Wataino wakibanika samaki na nyama juu ya uchanja wa vijiti, moto ukiwaka taratibu chini yake, na mwandishi Gonzalo Fernández de Oviedo akaieleza desturi hiyo katika nusu ya kwanza ya karne ya 16. Katika makoloni ya Waingereza, hasa Virginia na Carolina, upishi huo ulitumika kwa nguruwe walioletwa kutoka Ulaya, na nyama yao ikawa chakula cha mikusanyiko. Mwaka 1769 George Washington aliandika katika shajara yake kwamba alikwenda Alexandria kuhudhuria karamu ya aina hiyo.

Jiko la karamu hizo lilikuwa handaki lililochimbwa ardhini. Kuni za hikori au mwaloni zilichomwa kando mpaka zikawa makaa, kisha makaa yakachotwa kwa sepetu na kutandazwa chini ya nguruwe mzima aliyelazwa juu ya fito. Mafuta yaliyodondokea makaa yalitoa moshi ulioipa nyama ladha. Kuchimba, kupasua kuni, kukesha, kugeuza nyama na kuipaka siki yenye pilipili zilikuwa kazi za Waafrika waliokuwa watumwani. Ujuzi wa kupima joto kwa kiganja na kujua pa kuongeza makaa ulikuwa wao, na waliurithisha kizazi kwa kizazi.

Baada ya utumwa kukomeshwa mwaka 1865, ujuzi huo ukawa biashara. Weusi waliohamia mijini walikwenda nao, na mfano mashuhuri ni Henry Perry, mzaliwa wa Tennessee, aliyeanza kuuza nyama ya moshi Kansas City mwaka 1908. Alipofariki mwaka 1940, mkahawa wake ulichukuliwa na Charlie Bryant aliyekuwa mfanyakazi wake, kisha ukapita kwa Arthur, ndugu yake Charlie. Mjini mahandaki ya ardhini yaliyapisha majiko ya matofali yenye bomba la moshi. Lakini Carolina Kaskazini baadhi ya wapishi waling'ang'ania nguruwe mzima juu ya makaa ya kuni. Mkahawa wa Skylight Inn wa mji wa Ayden, uliofunguliwa mwaka 1947, unafanya hivyo mpaka leo.

Texas ilifuata njia nyingine. Wahamiaji Wajerumani na Wacheki walifungua mabucha katikati ya jimbo hilo, na nyama isiyouzika mapema waliitia moshi au kuisaga kuwa soseji kwa sababu hapakuwa na majokofu. Southside Market ya Elgin ilianza mwaka 1882, na Kreuz Market ya Lockhart mwaka 1900. Wateja, wengi wao vibarua wa mashamba ya pamba, walikula papo hapo, nyama ikiwa imefungwa kwa karatasi ya bucha. Majiko ya huko yalikuwa marefu, ya matofali, moto wa mwaloni ukiwaka upande mmoja na bomba likivuta moshi kutoka upande wa pili, kwa hiyo nyama iliyolala katikati iliiva kwa hewa ya moto bila kukaa juu ya makaa. Kreuz Market ilipohamia jengo jipya mwaka 1999, makaa yaliburutwa kwenye beseni barabarani hadi majiko mapya ili moto wa zamani usikatike.

Mpangilio huo wa moto upande mmoja na bomba upande wa pili ndio uliozaa jiko la chuma lenye kisanduku cha moto pembeni. Mafundi wa kuchomelea katika maeneo ya mafuta ya Texas na Oklahoma walikuwa na mabaki mengi ya mabomba mazito na matangi ya gesi yaliyochakaa. Waliyakata, wakayatilia mlango, wavu na bomba la moshi, na jiko la bucha likaweza kuvutwa nyuma ya gari. Mwaka 1987 Joe Davidson alianzisha kampuni ya Oklahoma Joe's na kuyatengeneza kwa ajili ya kuuza. Lakini kazi ya kulinda moto haikupungua: mpishi anapaswa kutia gogo jipya kila baada ya nusu saa au saa moja, na kurekebisha matundu ya hewa kila upepo unapobadilika.

Mikahawa mingi ilichoshwa na kazi hiyo na gharama ya wakeshaji, na katika nusu ya pili ya karne ya 20 ikahamia majiko ya gesi au umeme yenye gogo moja au mawili ya kutoa moshi tu. Kwa wapenzi wa kuni, hapo kazi ilipungua lakini ladha nayo ikapungua.

Jiko la peleti lilitokana na hitaji la kupasha nyumba joto. Mgogoro wa mafuta wa mwaka 1973 uliwafanya Wamarekani watafute nishati nyingine, na viwanda vya mbao vya kaskazini magharibi vilikuwa na milima ya vumbi la mbao. Vumbi hilo likikaushwa na kushindiliwa kwa mgandamizo mkubwa, lignini iliyomo hulainika kwa joto na kulishika pamoja, na hutoka vipande vidogo vyenye kipenyo cha milimita 6 hivi. Hizo ndizo peleti. Joe Traeger wa Mount Angel, Oregon, ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya vifaa vya kupasha joto, alibuni katikati ya miaka ya 1980 jiko la kupikia linalotumia peleti na kulipatia hataza. Hataza hiyo ilipokwisha miaka 20 baadaye, kampuni nyingi ziliingia sokoni.

Ndani ya jiko la peleti, parafujo ndefu inayozungushwa na mota husukuma peleti kutoka kwenye sanduku hadi kikombe cha moto, waya wa umeme huziwasha, na feni hupuliza hewa. Majiko ya awali yalikuwa na ngazi chache tu za joto. Ya sasa yana kipimajoto na kompyuta ndogo inayoongeza au kupunguza peleti yenyewe, na mpishi huweza kuyatazama kwa simu.

Tofauti ya ladha kati ya jiko la magogo na la peleti inatokana na namna kuni zinavyoungua. Lignini ya mti ikivunjwa na joto hutoa gwayakoli na siringoli, kemikali zinazobeba harufu na ladha ya moshi. Gogo huungua bila usawa na kutoa kemikali hizo kwa wingi; peleti kavu inayopulizwa na feni huungua karibu kabisa, hivyo moshi wake ni mwepesi. Joto la jiko likishushwa, peleti hutoa moshi zaidi. Kansas City Barbeque Society, chama kinachosimamia mashindano ya upishi huu, kimelikubali jiko la peleti: kanuni zake huruhusu kuni, mkaa na peleti, hukataza kupika kwa gesi au umeme, lakini huruhusu umeme wa kuendesha parafujo na feni.

Kwa hiyo anayetaka moshi mzito, na aliye na kuni kavu za mwaloni au hikori na muda wa kukaa na moto, hununua jiko la chuma lenye kisanduku pembeni, ambalo halina mota ya kuharibika wala halihitaji umeme. Anayetaka kulala usiku nyama ikiwa jikoni hununua la peleti, akikubali ladha nyepesi, kutegemea umeme, na kuhifadhi peleti mahali pakavu, kwa kuwa zikilowa hurudi kuwa vumbi na kuziba parafujo.