Kejeli na Kiapo: Safari ya Professor Jay kutoka Hard Blasters hadi Bungeni

Historia ya ushairi simulizi wa mijini katika Afrika Mashariki haikamiliki pasipo kumtaja Joseph Haule, aliyejulikana kwanza kwa lakabu ya Nigga J na baadaye Professor Jay. Aghalabu huzungumziwa kama nyota wa muziki. Makala haya yanamchunguza kama mtunzi wa kejeli, na yanauliza swali moja: kejeli huwa na hatima gani pale mtunzi wake anapokikalia kiti alichokidhihaki?

Muziki wa kufokafoka ulipoingia Dar es Salaam, vijana waliuiga kwa Kiingereza. Mwaka 1991 Saleh Jabir alidhihirisha kwamba Kiswahili kingeweza kubeba midundo ya Kimarekani. Mwaka 1993 kundi la Kwanza Unit likaasisiwa. Ni katika mkondo huo ambapo Haule alijiunga na kundi la Hard Blasters, pamoja na Fanani na Big Willy. Mazingira yaliwafaa: mfumo wa vyama vingi ulikuwa umerejeshwa mwaka 1992, na kuanzishwa kwa Radio One mwaka 1994 kukawapa vijana mlango ambao redio ya taifa haikuwa imewafungulia.

Mwaka 2000 kundi lilitoa albamu ya Funga Kazi, iliyokuwamo 'Chemsha Bongo'. Umuhimu wa wimbo huu ni wa kijamii na wa kifani. Wazazi waliouona ufokaji kuwa uhuni walisikia ndani yake mawaidha, dhima kongwe ya ushairi wa Kiswahili. Lakabu nayo ilibadilika: jina lililoazimwa ughaibuni likaachia nafasi jina la mwalimu.

Mwaka 2001 Haule alitoka peke yake na albamu ya Machozi, Jasho na Damu, ambamo wimbo wa 'Ndio Mzee' ulitia fora. Nafsineni ni mgombea kura anayeahidi makuu, hata wanafunzi wa sayansi kufanyia mazoezi yao mwezini, huku umati ukimwitikia kwa ridhaa. Mtunzi hamlaumu mgombea hata mara moja; anamwacha ajiumbue kwa kinywa chake mwenyewe.

Hapa ndipo wimbo unapokutana na historia ya fasihi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera, bahari iliyoenezwa na Mathias Mnyampala, ilitumika kueneza siasa ya Ujamaa. Kwa kawaida mhusika mmoja hupinga, mwingine hufafanua, na mwishowe wote hukubaliana. 'Ndio Mzee' unaipindua kanuni hiyo. Kukubaliana, kulikokuwa kilele cha ngonjera, kunakuwa ndiko ugonjwa wenyewe. Umati hauna hoja wala swali. Una kiitikio tu. Kwa hiyo kejeli inamchoma mwanasiasa kwa ncha moja na mpiga kura kwa nyingine.

Inaweza kudaiwa kwamba matini haya hayana mizani ya ushairi wa kimapokeo, hivyo hayastahili uzito huu. Hoja hiyo inasahau kwamba mgogoro wa ushairi wa miaka ya 1970 ulikwisha kuonyesha kuwa vina na mizani pekee havitoshi kulibainisha shairi. Zaidi ya hayo, ufokaji haukuvitupa vina. Ulivihamishia katika mapigo ya usemaji.

Mwaka 2015 Haule alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi kwa tiketi ya CHADEMA, akifuata nyayo za mfokaji mwenzake, Joseph Mbilinyi (Mr. II), aliyeingia Bungeni mwaka 2010 kutoka Mbeya Mjini. Baadhi wangeona hapo usaliti wa kejeli, wengine ukamilifu wake. Maoni yote mawili yanamtazama mtu na kuisahau kazi. Mtunzi alipopanda jukwaa la kampeni, nafsineni wake alikuwa amemtangulia huko kwa miaka kumi na minne. Kila ahadi aliyoitoa ilisikika mbele ya hadhira iliyokuwa imekwisha kufundishwa, na yeye mwenyewe, kuicheka ahadi.

Alipoteza kiti mwaka 2020. Wimbo haukupoteza chake. Kejeli iliyo imara haimlindi hata aliyeitunga, na huo ndio uthibitisho kwamba 'Ndio Mzee' ni fasihi: mwanafunzi wa kwanza wa somo lake alilazimika kuwa Professor mwenyewe.