Kuchomoa bastola kwa kujihami

Kuchomoa bastola kwa kujihami ni uamuzi wa raia aliyeficha silaha ndani ya nguo kuitoa ili kuzuia shambulio. Nchini Marekani uamuzi huo hupimwa kwa swali moja: je, mtu wa akili timamu, mahali pale na saa ile, angeamini kwamba yuko hatarini kuuawa au kujeruhiwa vibaya papo hapo? Matusi hayatoshi. Mwizi ambaye tayari anakimbia na pochi naye hatoshi.

Vigezo

Wakufunzi wengi hutaja mambo matatu: mshambuliaji awe na uwezo wa kuua, awe na nafasi ya kuutumia, na mwenendo wake uonyeshe nia. Likikosekana moja, bastola hubaki kiunoni. Mwenye kisu aliye ng'ambo ya barabara pana ana uwezo, hana nafasi. Mafundisho haya yalienezwa hasa na Massad Ayoob, mwandishi wa In the Gravest Extreme (1980).

Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, aliandika kwamba mtu mwenye kisu hukimbia futi 21 (karibu mita 6.4) kwa sekunde moja na nusu, muda uleule anaohitaji askari mzoefu kuchomoa na kupiga. Raia huchelewa zaidi: mkono mmoja uinue pindo la shati, wa pili utafute mpini, na kitambaa kikinasa muda umekwisha. Tueller hakutunga sheria, ingawa wengi huitaja "kanuni ya futi 21" kana kwamba imepitishwa bungeni.

Kurudi nyuma

Katika kesi ya Brown ya 1921, Jaji Oliver Wendell Holmes wa Mahakama ya Juu alikataa kumdai aliyeinuliwa kisu atafakari kwa utulivu kama angeweza kukimbia. Florida ilikwenda mbali zaidi mwaka 2005 kwa sheria inayomruhusu mtu kusimama alipo. New York bado inamtaka aondoke ikiwa anaweza kufanya hivyo salama, isipokuwa nyumbani kwake.

Kesi ya Goetz

Tarehe 22 Desemba 1984, ndani ya treni ya chini ya ardhi jijini New York, vijana wanne walimkabili Bernhard Goetz na mmoja akamwomba dola 5. Goetz, aliyewahi kuporwa 1981, alichomoa rivolva isiyo na leseni akafyatua risasi tano. Wote wanne walijeruhiwa, na Darrell Cabey akapooza. Magazeti yalimpamba Goetz kwa pupa isiyopendeza. Mwaka 1986 mahakama ya rufani ya jimbo iliamua kwamba hofu ya mtu haitoshi kwa kuwa tu ni ya kweli moyoni mwake. Lazima pia iwe ya busara. Mwaka uliofuata baraza la wazee wa mahakama lilimwachia kwa shtaka la kujaribu kuua, likamtia hatiani kwa silaha isiyo na leseni tu. Mwaka 1996 baraza jingine, katika kesi ya madai, lilimwamuru amlipe Cabey dola milioni 43.

Kuonyesha bila kufyatua

Kuonyesha bastola bila kufyatua huweza kuwa kosa. Tangu 2014 Florida humkinga anayetishia tu kutumia nguvu pale ambapo angekuwa na haki ya kujihami.

Hali ya sasa

Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ilibatilisha sharti la New York la kumtaka mwombaji wa kibali athibitishe haja ya pekee. Kufikia 2024, majimbo 29 hayakudai kibali chochote cha kubeba bastola iliyofichwa. Vermont haijawahi kukidai.