Kabla ya Kura Kulikuwa na Mizani: Urithi wa Paul Bomani Usukumani

Kila Bunge linapokaribia kuvunjwa, wabunge wanaoaga huandaliwa hafla, na katika hafla hizo husomwa orodha ndefu: kilomita za lami, madarasa, visima, zahanati. Hakuna ubaya kushukuru, lakini orodha hiyo haitoshi kumpima mtu aliyetumia umri wake kuwatumikia watu. Barabara hulipiwa na kodi ya wananchi, na mbunge mwingine yeyote angeweza kuiomba. Kwa mikoa ya Shinyanga na Geita, ambako pamba, almasi na dhahabu vimekuwa vikipimwa na kuuzwa kwa karibu karne nzima, kipimo kinachofaa zaidi ni hiki: je, kiongozi aliwaachia watu nyenzo ya kumdai hesabu kila mwenye madaraka, pamoja na yeye mwenyewe? Kwa kipimo hicho, historia ya Kanda ya Ziwa haina mfano unaofundisha zaidi ya ule wa Paul Bomani, mwanaushirika aliyewahi kuwa mbunge, waziri na balozi, na aliyefariki mwaka 2005. Mfano huo unafundisha kwa mafanikio yake, na kwa kasoro zake pia.

Bomani alizaliwa mwaka 1925, mtoto wa mhubiri wa Kanisa la Waadventista Wasabato, akasoma Ikizu. Kazi yake ya kwanza ya kutajika ilikuwa ukarani katika mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulioanzishwa na Mkanada John Williamson baada ya kugundua almasi hapo mwaka 1940. Karani wa Kiafrika katika mgodi wa namna hiyo aliona hesabu za mali nyingi zikipita mezani, huku uamuzi juu ya mali hiyo ukifanywa na watu wengine kabisa. Mwaka 1947 Bomani aliondoka Mwadui na kuingia katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, akiwa mmoja wa watendaji wake. Hapo ndipo alipokutana na suala lililokuwa likiwaumiza wakulima kuanzia Shinyanga hadi Geita, nalo lilikuwa mizani ya pamba.

Gulio la pamba

Utaratibu wa ununuzi wa pamba enzi hizo ulikuwa na ulinzi wa sheria. Serikali ya kikoloni ilipanga bei ya msimu, ikatoa leseni kwa wanunuzi wachache, wengi wao wenye asili ya Asia, na wenye viwanda vya kuchambulia pamba walikuwa hao hao au washirika wao. Kwa kuwa bei ilikuwa imeshapangwa, mnunuzi aliyetaka faida ya ziada hakuweza kuipata kwenye bei, basi aliitafuta kwenye uzito. Mkulima alifika gulioni na pamba ya miezi mingi ya kulima, kupalilia na kuchuma, akaambiwa ratili zake ni kadhaa, akapokea fedha na kuondoka. Hakuwa na mizani yake, hakuwa na pa kukata rufaa, na wengi hawakuweza kusoma kilichoandikwa. Wizi wa aina hii haukuhitaji nguvu. Ulihitaji tu kwamba upande mmoja ndio unaopima na upande wa pili hauna haki ya kuhakiki.

Jibu la Bomani na wenzake, kuanzia mwaka 1950, lilikuwa rahisi kulieleza na gumu kulitekeleza. Wakulima wenyewe wangeweka wapimaji wao, watu wa kuhakiki uzito kabla pamba haijafika kwenye mizani ya mnunuzi. Kutokana na hatua hiyo kikazaliwa chama cha wakulima wa Jimbo la Ziwa. Serikali ilianza kuruhusu vyama vya ushirika kununua pamba mwaka 1953, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, Bomani akiwa meneja mkuu wake baada ya masomo ya ushirika Loughborough, Uingereza. Katika miaka michache shirikisho hilo lilikuwa na vyama vya msingi zaidi ya 300 na lilishika ununuzi wa zao zima la pamba ya kanda. Miongoni mwa viwanda vya mwanzo vya ushirika vya kuchambulia pamba kilikuwa kile cha Kasamwa, Geita. Mkulima aliyekuwa anauza pamba yenye mbegu na kuishia hapo, sasa alikuwa na hisa katika kiwanda kilichoifunga marobota.

Msomaji anaweza kupinga hapa: hii ni biashara, haki za raia zinaingiaje? Pingamizi hilo lina uzito mpaka tutazame hali ya siasa ilivyokuwa. Waafrika wawili wa kwanza waliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945, na mmoja wa wawili hao alikuwa mtemi kutoka Shinyanga, Kidaha Makwaia wa Busiha, mwenzake akiwa Abdiel Shangali wa Machame. Wote wawili waliteuliwa na gavana. Hakuna mkulima aliyewapigia kura, na hakuna aliyeweza kuwaondoa. Hata uchaguzi ulipokuja mwaka 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato, elimu au wadhifa wa kiwango kilichowekwa, na akalazimishwa kuchagua watu watatu kwa mpigo: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakulima wengi wa Usukuma hawakufikia masharti hayo. Ndani ya chama cha msingi mambo yalikuwa tofauti. Kila mwanachama alikuwa na kura moja, awe na ekari mbili au ishirini, na alichagua kamati, alisikiliza hesabu za mwaka na aliweza kumkataa mwenyekiti. Kwa maelfu ya watu, kura ya kwanza ya maisha yao ilihusu karani wa mizani, miaka kadhaa kabla ya kura ya kumchagua mbunge.

Dunia ya wakati huo inatoa mfano wa kulinganisha. Mwaka 1955, mwaka ule ule shirikisho lilipoundwa, weusi wa Montgomery, Marekani, walianza kususia mabasi ya mji. Hawakuanza na katiba wala urais. Walianza na kiti walichokilipia nauli. Haki kubwa mara nyingi hudaiwa kupitia jambo la kila siku ambalo kila mtu analielewa, kwa sababu hapo ndipo dhuluma inapokuwa na sura na hesabu. Gulioni Usukuma, hesabu hiyo ilikuwa ratili.

Geita, mwaka 1958

Umuhimu wa vyama hivi ulidhihirika pale siasa zilipozuiwa. TANU, chama cha siasa kilichodai uhuru, ilizaliwa Julai 7, 1954, lakini kabla mwaka huo haujaisha serikali ilikataza matawi yake Usukumani, na katazo likadumu hadi 1958. Miaka yote hiyo sheria ndogo zilikuwa zikiwaelemea wakulima na wafugaji: kodi ya mifugo, amri za kupunguza ng'ombe, amri za matuta na mihogo, zote zikisimamiwa na watemi waliokuwa wanalipwa na serikali. Vyama vya msingi vilikuwa mahali halali pa kukutana, na watu waliozoea kuhoji hesabu za pamba walikuwa tayari wamejifunza kuhoji.

Mwaka 1958 serikali iliwaletea watu wa Geita baraza la wilaya la mseto, lenye viti vya Wazungu na Waasia katika wilaya ambayo karibu wakazi wake wote walikuwa Waafrika. Wananchi walikataa. Walisema hawakuulizwa, na maelfu walikwenda Mwanza kupeleka malalamiko kwa mkuu wa jimbo. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi. Serikali ilidai kwamba huo ni uchochezi wa wachache, lakini umati wa ukubwa ule hauchochewi kwa siku moja. Mwishowe serikali ndiyo iliyorudi nyuma: baraza lile likaachwa, na kabla ya mwaka kwisha TANU ikaruhusiwa tena Usukumani.

Sifa ya Geita ni ya wana-Geita. Ni kosa la uandishi wa historia kumkabidhi kiongozi mmoja kazi ya umati, na wapo wanaosema kwamba Bomani, aliyekuwa ameshateuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria na gavana, alikuwa karibu mno na serikali kuweza kuitwa mpigania haki. Ukaribu huo ulikuwepo kweli. Shirikisho lilihitaji leseni na kibali cha serikali, na kiongozi wake hakuweza kuzungumza kama mtu asiye na cha kupoteza. Ila tukipima kwa matokeo, uangalifu wake ndio uliokiweka hai chombo kilichowakutanisha watu katika miaka ambayo chama cha siasa kilikuwa kimefungiwa. Mapambano yalihitaji wale wa barabarani, na yalihitaji pia wale waliolinda daftari la wanachama lisichukuliwe.

Hukumu ya 1965

Baada ya hapo safari ya Bomani ni ya kitaifa. Alichaguliwa mbunge, akawa Waziri wa Kilimo mwaka 1960 na Waziri wa Fedha mwaka 1962. Katika uchaguzi wa Septemba 1965, wa kwanza wa chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa TANU walishindana kwa alama za jembe na nyumba, Waziri huyo wa Fedha aliangushwa na wapiga kura wake mwenyewe. Waandishi wa wasifu hulipita tukio hilo haraka, kana kwamba ni doa. Ukweli ni kwamba hapo ndipo kipimo tulichoanza nacho kinapopata jibu. Wakulima walioanza kwa kuhoji mizani, wakahoji baraza la mseto, hawakuogopa kumhoji mtu aliyewafundisha kuhoji. Mwalimu anayepitwa na mwanafunzi wake amefaulu.

Upande wa pili wa tukio hilo hautakiwi kufichwa. Rais Nyerere alimteua Bomani kuwa mbunge na kumpa wizara ya uchumi na mipango. Taifa changa lilikuwa na wataalamu wachache, na sababu hiyo inaeleweka, lakini hukumu ya wapiga kura ilipunguzwa nguvu. Ushirika nao ulipata msiba wa aina hiyo hiyo. Baada ya uhuru serikali, ambamo Bomani alikuwemo, ilieneza vyama vya ushirika kwa amri hadi mikoa ambako wananchi hawakuviomba. Vingi vikakosa wanachama wenye uchungu navyo, makato yakaongezeka, na malalamiko ya wizi yakasababisha tume ya uchunguzi mwaka 1966. Shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa serikali, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa nchi nzima, hadi viliporudishwa kwa sheria ya 1982. Wanaosema ushirika ulishindwa huelekeza kidole kwenye miaka hii. Lakini mfuatano wa matukio unaonyesha kwamba ushirika ulidhoofika kadiri mwanachama alivyonyimwa nafasi ya kuhakiki. Karani wa chama akiachwa peke yake na mizani, atafanya yale yale aliyoyafanya mnunuzi wa leseni mwaka 1950.

Kutoka pamba hadi dhahabu

Bomani aliiwakilisha Tanzania mjini Washington kuanzia 1972 hadi 1983, akarejea na kushika tena uwaziri, na baadaye akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lakini kwa wakazi wa Geita na Kahama, jina la familia hiyo lilirudi kwa njia nyingine. Mwaka 2007, baada ya Bunge kutikisika kutokana na mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Rais Kikwete aliunda kamati ya kupitia sekta ya madini chini ya mdogo wake Paul, Jaji Mark Bomani, aliyewahi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Baada ya ripoti ya mwaka 2008, Sheria ya Madini ya 2010 iliupandisha hadi asilimia 4 na kuutoza kwenye thamani ghafi, kabla ya makato ya kampuni. Mwaka 2017 ukafika asilimia 6. Swali la msingi halikuwa limebadilika tangu magulio ya pamba: nani anapima, nani anahakiki, na makato yanafanyika wapi?

Machi 2019 Geita ilifunguliwa soko la dhahabu, la kwanza nchini la aina yake, ambapo mchimbaji mdogo anapeleka dhahabu yake ipimwe mbele ya ofisa wa serikali na kuuzwa kwa bei iliyotangazwa. Kabla ya hapo aliuza kwa mnunuzi aliyemfuata duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, au kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, kwa mizani ya mnunuzi. Soko ni hatua kubwa, ila lina upungufu ambao historia ya Bomani inauonyesha wazi. Mizani ya serikali humlinda mchimbaji dhidi ya mnunuzi. Nani anamlinda dhidi ya karani wa serikali? Mwaka 1950 wakulima walijibu kwa kuweka mpimaji wao waliyemchagua na waliyeweza kumfukuza.

Kwa hiyo, anayetaka kumuenzi Bomani, au mbunge yeyote wa ukanda huu anayestaafu kwa heshima, asiishie kwenye jina la barabara. Amuulize anayeaga kama ameacha sheria au kanuni inayompa mwanachama wa chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) haki ya kuona hesabu za chama chake kila msimu, kama wachimbaji wana mwakilishi wao kwenye meza ya mizani, na kama halmashauri inawasomea wakazi wanaoishi kando ya migodi mapato ya ushuru wa huduma yanayotoka huko. Majibu yakiwa ndiyo, hafla ya kuaga imestahili. Yakiwa hapana, maswali hayo apewe anayeingia, na apewe mapema, wakati bado anaomba kura.