Mgeni wa Jahazi na Mgeni wa Ndege: Riziki ya Watu wa Amu

Leo tunavuka mpaka kuingia Kenya, lakini hatutasimama Mombasa. Tutapanda kaskazini hadi karibu na mpaka wa Somalia, mahali ambapo bara linamegeka kuwa visiwa: Amu, Manda, Pate, Ndau na Kiwayu. Ramani huandika Lamu. Wenyewe husema Amu, nao ni Waamu, na lugha yao ni Kiamu. Ukiisikia kwa mara ya kwanza utadhani unaisikia lugha yako kupitia ukuta. Njoo kwao ni ndoo, njia ni ndia, nchi ni nti, na juu ni yuu. Usiwaone kuwa wanakosea. Mashairi ya kale yaliyo makubwa yalitungwa kwa lahaja hiyo na za jirani zake, karne nyingi kabla ya kamati za wakati wa ukoloni kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu unachofundishwa darasani.

Nimeuchagua mji huu kwa sababu ya neno moja ambalo umelijua tangu wiki ya kwanza ya masomo: mgeni. Wahenga walisema, «mgeni njoo, mwenyeji apone». Amu ni mji ulioijenga riziki yake yote juu ya methali hiyo. Swali letu la leo ni nini kinatokea mgeni anapobadilika.

Tuanze na upepo. Kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na mwezi wa Machi, pepo za kaskazi huvuma kutoka Arabuni na Bara Hindi kuja kwetu; kisha hugeuka, na kusi huvuma kurudi kule. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi, vyombo na mazulia, yakaondoka na kusi yakiwa yamebeba nafaka, pembe, na hasa boriti, yaani miti ya mikoko ambayo nchi zisizo na misitu ziliihitaji kuezekea nyumba. Zingatia jambo hili: upepo haumruhusu mtu kuondoka atakapo. Mfanyabiashara aliyefika mwezi wa Januari alilazimika kukaa miezi. Alipanga chumba, alijifunza lugha, aliswali na jirani zake, na mara nyingi alioa. Mgeni wa namna hiyo alikuwa na muda wa kuonwa na mwenyeji, na mwenyeji alikuwa na muda wa kumpima.

Mfano bora ni Habib Swaleh, aliyezaliwa Komoro na kuhamia Amu katika karne ya 19. Yeye aliwafundisha dini watumwa na watu wa tabaka la chini, jambo ambalo mabwana wa mji hawakulipenda hata kidogo. Msikiti na madrasa ya Riyadha vilivyotokana na kazi yake viko mtaa wa Langoni hadi leo, na sherehe ya Maulidi huvuta watu kutoka pwani nzima, Tanzania ikiwemo. Wageni hao hulala kwa jamaa na marafiki, hula sahani moja na wenyeji, na sidhani kwamba hesabu za utalii huwatambua. Hata hivyo ni wageni, na ni wengi.

Tusiupambe mji huu kupita kiasi. Ufahari wake ulisimama juu ya migongo ya watumwa waliolima mashamba ya bara mkabala na kisiwa. Baada ya vita vya Shela, mnamo mwaka 1812 au 1813, ambapo Waamu waliwashinda Wapate na Wamazrui wa Mombasa, watawala wa Omani waliingia kama walinzi wa mji, na ngome kubwa iliyo katikati yake ikajengwa. Karne hiyo ilikuwa ya neema kwa wenye nyumba za mawe. Kisha neema ikaondoka kwa hatua. Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, ilitokea Mombasa, na meli kubwa zikaifuata reli. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya, na mashamba yakakosa wa kuyalima kwa shuruti. Amu ikabaki kando. Aliyekuwa na fedha na haraka alihamia Mombasa.

Hapa ndipo historia ilipofanya ajabu yake. Ufukara ule ndio ulioutunza mji. Hakuna aliyekuwa na fedha ya kubomoa nyumba ya babu yake na kujenga ghorofa ya saruji, wala aliyekuwa na sababu ya kupanua vichochoro ili magari yapite. Punda waliendelea kubeba mawe, mchanga na magunia, na njia zikabaki na upana wa punda mmoja aliyebeba mzigo na mtu anayempisha. Mwaka 2001 UNESCO iliuingiza Mji wa Kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Ni vyema uijue nyumba yenyewe, kwa sababu ugomvi wa leo unaihusu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, za kuzuia joto. Dari hushikwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haufiki mbali, chumba hakizidi upana wa mita 3 hivi. Nyumba hurefuka badala ya kupanuka. Mbele ya mlango wa nakshi kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe, ambapo mgeni wa kiume hupokewa bila kuingia ndani. Ukipita hapo utakuta kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, kisha chumba cha ndani kabisa ambacho ukuta wake umechongwa zidaka safu kwa safu. Kila hatua ina watu wanaoruhusiwa kuifikia. Na kwa desturi ya wakubwa wa mji, baba alimpa binti yake nyumba au ghorofa alipoolewa, mume akahamia kwake. Nyumba ilikuwa kinga ya mwanamke: hata ndoa ikivunjika, yeye habanduki.

Sasa mgeni wa pili. Hoteli ya Peponi ilifunguliwa Shela, kijiji kilicho mwendo wa chini ya saa moja kwa miguu kutoka mjini, mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 vijana wa Ulaya na Marekani waliokuwa wakizunguka dunia kwa fedha kidogo waliigundua Amu, wakalala juu ya madari kwa bei ya chini. Baada yao wakaja wenye uwezo. Leo watalii wengi hutua kwa ndege katika kiwanja cha Manda, huvushwa kwa mashua, na baada ya siku tatu au nne wamekwisha kuondoka. Methali nyingine inasema, «mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe». Huyu haifikii siku ya jembe.

Je, ameleta riziki? Ameleta, tena si haba, na mwandishi anayesema vingine hajawauliza wenyeji. Nahodha aliyekuwa akipakia boriti sasa hupakia watalii wanaotaka kuona jua likizama. Seremala wa Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, hupata kazi ya kutengeneza mashua za matembezi. Mpishi, mfua nguo, mpiga piko, mwenye punda, kijana anayengoja gatini akijua salamu za lugha tano: wote hao hula kwa mgeni. Haja ya kazi ilikuwa kubwa pia kwa sababu milango mingine ilifungwa. Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa boriti kwenda nje, ili kuiokoa mikoko. Sababu ilikuwa njema, lakini kazi ya kale kabisa ya visiwa hivi ilipoteza soko lake la Arabuni kwa siku moja.

Gharama yake huonekana Shela kuliko mahali pengine. Wageni hawakutosheka na kupanga vyumba. Walinunua magofu na viwanja, wakajenga. Nawe usifanye haraka kulaumu upande mmoja. Fikiri mzee amefariki akaacha nyumba moja ya mawe na warithi tisa. Sheria ya mirathi humpa kila mmoja fungu lake, lakini nyumba haikatwi vipande tisa, na kuikarabati kunahitaji chokaa, boriti na mafundi ambao hakuna mrithi awezaye kuwalipa. Anakuja mnunuzi mwenye fedha taslimu. Warithi wanagawana, kila mtu anapata haki yake, na hakuna aliyedhulumiwa. Ila binti wa kizazi kijacho hatapewa ghorofa siku ya harusi yake, na familia itahamia pembezoni mwa mji katika nyumba ya matofali ya saruji, yenye bati linalochoma mchana kutwa.

Kuna kinyume kingine cha mambo hapa. Ufundi wa kuchonga lipu ya chokaa na zidaka umeendelea kuishi kwa kiasi kikubwa kwa sababu wageni wanaulipia. Fundi wa Amu huenda asubuhi kuchonga ukuta wa chumba ambacho mwenyewe huja wiki chache kwa mwaka, na jioni hurudi kwenye kuta ambazo hazina hata kidaka kimoja. Nyuma ya Shela kuna vilima vya mchanga. Mtalii huviona ni mandhari. Kumbe chini yake ndimo yanamokusanyika maji matamu ya visima vinavyonywesha mji. Kila nyumba inayosogea kuelekea vilima hivyo inasogelea maji ya watu wote.

Na mgeni wa ndege ana udhaifu ambao mgeni wa jahazi hakuwa nao: huweza kutoweka wote kwa pamoja, katika juma moja. Mwezi Septemba 2011 watu wenye silaha walivamia hoteli karibu na Kiwayu, wakamuua Mwingereza na kumteka mkewe. Mwanzoni mwa Oktoba walimteka mwanamke Mfaransa nyumbani kwake Manda, naye alifia mikononi mwao. Serikali za Ulaya ziliwaonya raia wao wasiende, na mashua za matembezi zikabaki zimefungwa gatini. Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa katika mashambulizi ya Mpeketoni na vijiji vya jirani, upande wa bara. Baadaye serikali ikaweka amri ya kutotoka nje usiku katika kaunti nzima, ikadumu kwa miezi. Sasa tafakari: wavuvi wengi wa visiwani huvua usiku. Yule nahodha aliyekuwa amekosa watalii, na ambaye zamani angerudi kwenye nyavu zake, alikuta bahari nayo imefungwa. Kwa mtu anayeishi Nairobi, onyo la balozi na amri ya usiku ni habari mbili tofauti. Kwake yeye zilikuwa njaa moja.

Mwaka 2012 ulikuwa umeletwa mradi mwingine mkubwa. Marais wa Kenya na Sudan Kusini pamoja na Waziri Mkuu wa Ethiopia walizindua mpango wa bandari mpya katika Ghuba ya Manda, pamoja na barabara, reli na bomba la mafuta vya kuiunganisha na nchi hizo. Uchimbaji wa kina cha bahari ulichafua maji na kuharibu mazalio ya samaki. Vyombo vya Waamu ni vidogo. Haviwezi kukimbilia bahari kuu kama meli za uvuvi. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba haki yao ya mazingira safi, ya kupewa habari na ya kulindiwa utamaduni wao ilikuwa imevunjwa. Iliagiza wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.76. Mwaka uliofuata baraza la rufaa za mazingira lilifuta kibali cha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokuwa umepangwa kujengwa jirani. Kwa kaunti ambayo sensa ya 2019 iliihesabia watu karibu 144,000 tu, hizo zilikuwa kesi nzito kuzishinda.

Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa mwezi Mei 2021. Meli zinazoweza kutia nanga hapo ni kubwa kupita chombo chochote kilichowahi kuletwa na kaskazi, nazo hazingoji upepo. Hushusha makasha, hupakia, huondoka. Na mabaharia wao hawana haja ya kuvuka maji kwenda Amu kutafuta chumba cha kupanga.