Sura Zote kwa Kipimo Kimoja

Watu wengi hapa kambini wakiona ukurasa wenye picha kumi na sita zilizokaa safi, zimenyooka kama mabati ya nyumba mpya, hudhani kuna mtu alikesha akizisogeza moja moja. Zamani ndivyo ilivyokuwa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na skripti, yaani amri chache zilizoandikwa ambazo kompyuta inazisoma na kuzitii. Naandika historia yake kwa sababu inagusa nyuso zetu wenyewe.

Kabla ya kompyuta, mpangaji wa gazeti alikuwa na mkasi, nta na gurudumu la uwiano: duara mbili, moja juu ya nyingine. Unaweka kipimo cha picha uliyo nayo mkabala na kipimo unachotaka, na kidirisha kinakutolea asilimia. Picha inapelekwa kupunguzwa kwa kamera kubwa, inarudi, inapakwa nta, inabandikwa. Ukiwa na picha arobaini, unafanya hivyo mara arobaini.

Wazee wetu wa Kivu wanakumbuka kazi ya aina hii. Baada ya 1994, maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha katika kambi za upande wa Goma, na picha zikabandikwa kwenye mbao ili watu wapite wakiangalia. Mzazi anayetafuta mtoto hatazami urembo wa ubao, bwana. Anatafuta paji la uso, sikio, kovu. Picha ikivutwa upande mmoja tu, mtoto anageuka kuwa wa mtu mwingine.

Sasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1985 Apple walitoa mashine ya kuchapa ya LaserWriter, na kampuni ya Aldus ikatoa PageMaker, programu ya kupanga kurasa kwenye skrini. Wengi husimulia mwaka huo kama mwaka wa kipanya. Mimi naona jambo kubwa zaidi lilijificha ndani ya mashine ya kuchapa: lugha ya PostScript, iliyotengenezwa na Adobe, kampuni ya John Warnock na Charles Geschke. Katika PostScript ukurasa wenyewe ni programu. Namba hutangulia, amri hufuata. Amri ya kubadili ukubwa inadai namba mbili, moja ya upana na moja ya kimo. Ukiandika 0.5 na 0.5, uso unapungua nusu na unabaki uso uleule. Ukiandika 0.7 na 0.5, umemnenepesha marehemu wa watu.

Hatari hiyo ilijulikana mapema. ImageMagick, iliyoanzishwa na John Cristy alipokuwa kwenye kampuni ya DuPont na kutolewa bure 1990, inaweza kupunguza picha za folda nzima kwa mstari mmoja. Ukiiambia 800x600, inalinda uwiano yenyewe. Picha inaingia ndani ya kipimo hicho bila kuvutwa. Ili kuilazimisha ivute, lazima uongeze alama ya mshangao. Naipenda sana alama hiyo, ni kama mtu anakuuliza: una hakika? (Ila ndugu, ukitumia amri yake ya mogrify bila kutaja folda nyingine, inaandika juu ya faili zako za asili. Weka nakala kwanza.)

Photoshop ilipofika toleo la 4 mwaka 1996, iliweza kurekodi hatua za mtu na kuzirudia kwenye picha nyingi. Mwaka huohuo GIMP ilitolewa na wanafunzi wawili wa Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis. Kisha 2001 Franz Schmid akaanzisha Scribus, ya kupanga kurasa, ambayo leo inapokea skripti za Python. Hiyo ndiyo tunayotumia sisi, kwa sababu ni ya bure na inakubali kufanya kazi kwenye ordinatere yetu ya zamani kabla umeme wa sola haujaisha.

Hesabu yetu ni hii. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210. Toa 15 kila upande, zinabaki 180. Tunataka safu nne zenye nafasi ya milimita 4 katikati, kwa hiyo nafasi tatu zinakula 12. Zinabaki 168, gawa kwa nne: kila fremu ina 42. Fremu ya kwanza inaanza kwenye 15, ya pili 61, ya tatu 107, ya nne 153. Skripti inaongeza 46 kila mara, na ikimaliza mstari inashuka chini. Jambo la jioni mbili linakwisha kabla chai haijapoa. Chifu au mjane, kila mtu anapata milimita 42.

Ugomvi unabaki mmoja: kujaza fremu au kutoshea ndani yake. Ukijaza, ukurasa unapendeza, lakini skripti inabakiza katikati na kukata pembeni. Ukitosheza, picha inaingia yote na nafasi nyeupe inabaki. Mgeni mmoja mwenye ujuzi wa usanifu alituambia kurasa zetu zinaonekana tupu. Mimi nilisema ziachwe tupu. Picha tulizokimbia nazo ni chache, nyingi ni za harusi au za ubatizo, na anayetafutwa mara nyingi ndiye aliyesimama mwisho wa mstari.

Mama mmoja kutoka Baraka alituletea foto ya harusi iliyofungwa kwenye nailoni. Bwana harusi yuko katikati, kama kawaida. Kaka yake, anayemtafuta, yuko kushoto kabisa, bega moja liko nje ya picha. Kwa faili hiyo moja tumeandika sharti lake pekee ndani ya skripti: usiguse katikati, anza kushoto. Yuko ukurasa wa 7, mstari wa pili.