Mwongozo wa CARPA na huduma ya afya ya akili

Mwongozo wa CARPA ni kitabu cha tiba kinachotumiwa na wauguzi na wahudumu wa afya Waaborijini katika zahanati za Australia ya Kati zilizo mbali na miji. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1992, likiandaliwa na CARPA, chama cha watoa huduma za afya wa eneo hilo; toleo la 8 lilitolewa mwaka 2022.

Katika jamii nyingi za huko daktari hakai. Muuguzi ndiye anayempokea mgonjwa, usiku au mchana. Akiletewa mtu mwenye fadhaa kali au aliyejaribu kujiua, huanza na usalama wa wote, kisha hupima mwili: sukari, homa, jeraha la kichwa, ulevi. Maana si kila aliyechanganyikiwa ana ugonjwa wa akili. Ndipo humpigia simu daktari wa zamu. Kwa kuwa daktari naye anafuata mwongozo huohuo, maelezo huwa mafupi, na dawa ya kutuliza hutolewa kwa kipimo kinachojulikana kwa pande zote. Hali ikizidi, mgonjwa husafirishwa kwa ndege hadi hospitali.

Utaratibu huu unafaa hasa kwa sababu wauguzi wengi hukaa muda mfupi na kuhama. Lakini maandishi yana mpaka: Mwaborijini aliyefiwa huweza kusikia sauti ya marehemu bila kuwa mgonjwa, na hapo mhudumu mwenyeji na jamaa ndio wa kuulizwa kwanza.